“Hit the sack” si kupiga gunia: wageni wanapoaga kwenda kulala

Swali: Ninafanya kazi mapokezi katika hoteli moja kaskazini mwa Unguja, zamu ya usiku. Kiingereza cha shule ninacho, lakini wageni wakianza kuaga usiku napotea. Mmarekani mmoja aliniambia “I think I'll turn in”, nikanyoosha mkono nikidhani anarudisha ufunguo. Mama mmoja wa Kiingereza akasema anakwenda “Bedfordshire”, nikamuuliza kama anataka teksi ya uwanja wa ndege. Na hili la “hit the sack”, kila nikilitafsiri napata kupiga gunia. Naomba maana zake, na mtu akiniambia hivyo nimjibu nini.

Jibu: Dada, kabla ya magunia tuanze na kitenzi chetu wenyewe, kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. “Kulala” kwa Kiswahili kumebeba mizigo mingi. Ukisema “amelala”, huenda mtu kajinyoosha tu kitandani macho makavu, huenda yuko usingizini anakoroma. Ukisema “nililala saa nane”, asiyekujua hatambui kama ulipanda kitandani saa nane za usiku au ulipata jumla ya saa nane za usingizi. Sisi hatusumbuki, mazungumzo yenyewe yanatuelekeza. Kiingereza hakikubali mzigo huo ubebwe na neno moja. Kinatenganisha kwenda kitandani, kuchukuliwa na usingizi, na usingizi wenyewe kama kitu cha kupimwa. Ndiyo maana “I slept at ten”, sentensi tunayoisema sana Afrika Mashariki, inamkwaruza Mwingereza masikioni. Yeye angesema “I went to bed at ten” kama anazungumzia kupanda kitandani, au “I fell asleep at ten” kama anazungumzia usingizi kumchukua.

Misemo ya mtaani unayoisikia nayo imegawanyika hivyohivyo. Ukijua msemo uko upande gani, umeshajua jinsi ya kuutumia, hata kama hujui gunia limetoka wapi.

“Hit the sack” uko upande wa kwanza: ni kwenda kitandani, basi. Neno “sack” lilikuwa jina la mitaani la kitanda, na msemo wenyewe ulishika kasi katika miaka ya 1940 kupitia wanajeshi wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia. Ndugu yake ni “hit the hay”, wa Marekani pia, uliozoeleka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na “hay” ni nyasi zilizokaushwa. Magodoro ya watu wa kawaida yalikuwa hayo: gunia la kitambaa kizito lililoshindiliwa nyasi kavu au mabua. Aliyewahi kulalia godoro la sufi lililoshonwa nyumbani hahitaji kuchorewa picha.

Kuhusu “hit”, mzungumzaji wa Kiswahili ndiye mtu wa mwisho kupaswa kushangaa. Sisi tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu, tunapiga picha, na usingizi tunauchapa kabisa, wala hakuna anayeumia. Kiingereza cha Marekani kinaifanyia “hit” kazi ya namna hiyo, ila ndani ya mipaka: “hit” ikifuatwa na “the” na jina la mahali au kitu, maana yake ni kuelekea huko au kukianza kitu hicho. Mgeni akisema “we're going to hit the beach”, wanashuka pwani. “We have to hit the road” maana yake wanaondoka, kwa hiyo andaa bili. “Hit the books” ni kukaa kusoma, na “hit the bottle” ni kuuvamia ulevi.

Kwenye misemo hii ndipo wanaojifunza wanapoharibu zaidi. “The” haitoki wala haibadilishwi. “Hit a sack” ni kugonga gunia fulani kwelikweli, na “hit my sack” haipo. Huwezi kuugeuza msemo useme gunia lilipigwa na mgeni. “Hit” haibadiliki katika wakati uliopita, hivyo “we hit the sack at ten last night” ni sahihi na “hitted” ni kosa. Tena, kwa kuwa msemo huu unataja tendo la kupanda kitandani, hauchukui muda: “I hit the sack for eight hours” ni sawa na kusema mtu alikuwa akipanda kitandani kwa saa nane mfululizo.

Usibadilishe kitenzi pia. “Hit the sack” ni kwenda kulala, lakini “get the sack” ni kufukuzwa kazi, na huo ni msemo wa Waingereza unaosikika kila siku. Mgeni akikuambia “my brother got the sack”, usimtakie kaka yake ndoto njema. Na “in the sack”, hasa kwa Wamarekani, mara nyingi ni mambo ya chumbani ya watu wawili. Kwa sababu hiyo, mhudumu aliye kazini asiutumie msemo wowote wa “sack” kwa mgeni. Uelewe ukisemwa, inatosha.

Sasa “turn in”. Wazo lako la ufunguo halikuwa la kijinga hata kidogo, kwa kuwa “turn in” kweli ni kurudisha au kukabidhi. Kinachotofautisha ni kama kuna kitu kinachotajwa baada yake. “I'd like to turn in my key” ina ufunguo ndani yake, kwa hiyo nyoosha mkono. “He turned himself in” ina mtu ndani yake: amejisalimisha polisi. Lakini “I think I'll turn in” imeishia hapo, haina cha kukabidhiwa, basi mtu anakwenda kulala. Neno hili ni la mabaharia, na limekuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 17. Baharia aliyemaliza zamu alijiingiza katika machela yake iliyoning'inizwa kati ya mihimili ya meli, na hiyo ikawa “turn in”. Kutoka humo asubuhi kukaitwa “turn out”. Leo ni msemo wa heshima ya kutosha. Mzee, kijana, mkurugenzi, wote wanaweza kuusema mbele ya mtu yeyote, na kama unataka msemo mmoja tu wa kuazima kwa matumizi yako mwenyewe, chukua huu.

Hotelini usiuchanganye na “turn down”. Kwa wahudumu wa vyumba, hiyo ni kazi ya jioni ya kuandaa kitanda: kukunjua shuka la juu upande mmoja, kufunga mapazia, kushusha chandarua. Nje ya kazi hiyo ni kukataa ombi au kupunguza sauti ya redio. Mgeni akipiga simu saa sita usiku akisema “could you ask them to turn it down”, hataki shuka, anataka muziki wa baa upungue.

“Retire” nayo itakukuta, hasa kwa wageni wenye umri. Umejifunza shuleni kwamba ni kustaafu, na ni kweli. Lakini “my wife has retired for the night”, au “has retired” pekee inaposemwa usiku, ni kwamba mke wake ameshapanda kulala. Ni Kiingereza cha suti na tai. “Call it a night” ni kitu kingine kidogo: ni kuifunga jioni, si lazima kulala. Kundi lililoketi baa likisema “let's call it a night”, mhudumu anayeelewa analeta bili. Mmoja wao akibaki akaomba “a nightcap”, hahitaji kofia, ingawa zamani neno hilo lilikuwa kofia ya kulalia kwelikweli. Anaomba kinywaji cha mwisho kabla ya kulala, na kwa kawaida ni kikali na kidogo.

Turudi kwa yule mama wa Bedfordshire. Bedfordshire ni mahali halisi, ni kaunti iliyoko kaskazini mwa London, mji wake mkuu ni Bedford, na ndani yake kuna uwanja wa ndege wa Luton. Kwa hiyo swali lako la teksi lilikuwa na mantiki kuliko ulivyodhani. Yeye alikuwa akicheza na silabi ya kwanza ya jina, “bed”, yaani kitanda. Mzaha wenyewe ni wa kale. Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, aliuingiza katika kitabu cha maongezi ya watu wa heshima alichokichapisha mwaka 1738, na ndani ya kitabu hichohicho kuna mtu anayesema anakwenda “the land of Nod”. Hiyo ya pili utaitambua ukiwa msomaji wa Biblia: ni nchi ya Nodi, mashariki ya Edeni, alikokwenda kukaa Kaini baada ya kumuua Habili katika Mwanzo sura ya 4. Kwa Kiebrania jina hilo limefungamana na kutangatanga, halina uhusiano na usingizi. Ila kwa Kiingereza “nod” ni kuinamisha kichwa, na mtu anayesinzia kitini kichwa kinamwangukia kifuani. Waingereza wakaona sadfa hiyo wasiiache ipite.

Bedfordshire ina nyongeza yake, “up the wooden hill to Bedfordshire”. Kilima cha mbao ni ngazi, kwa kuwa nyumba nyingi za Uingereza zina vyumba vya kulala ghorofani. Wazazi huwaambia watoto hivyo wakati wa kuwapeleka kulala, na watu wazima huutumia kwa utani. Mmarekani huenda asiuelewe kabisa, na hata vijana wa Kiingereza wengi wanauona kuwa wa babu na bibi. Ungemjibu yule mama kwa tabasamu na “Good night, madam. Sleep well.” Hakutarajia zaidi ya hapo.

Kundi la pili, la usingizi kumchukua mtu, lina maneno mengi yanayomalizikia na “off”: “nod off”, “doze off”, “drift off”, “drop off”. “Nod off” na “doze off” ni kusinzia bila kukusudia, pengine mkutanoni au garini. “Drift off” ni kuzama polepole. “Drop off” ni kupitiwa na usingizi, lakini likipata mtu wa kutendewa ni kumshusha mtu mahali: “the driver dropped us off” haina usingizi wowote, na tuombe Mungu isiwe nao. Ni kanuni ileile ya “turn in”, angalia kama kuna mtendwa.

“Crash” ni ya vijana. Ni kuanguka kwa uchovu ukalala, mara nyingi mahali pasipo pako: kochi la rafiki, sakafu ya mtu. Vijana wenye mabegi mgongoni wakikufikia usiku wa manane na kuuliza “can we crash here?”, hawajapata ajali. Wanauliza kama wanaweza kujilaza hapo, ikiwezekana kwa bei nafuu au bure. Kinachokusaidia ni neno linalofuata. “He crashed on the sofa” na “he crashed at my place” ni usingizi. “He crashed the car” ni ajali. Ukisikia “he crashed” pekee kwenye simu, usikisie, uliza. “Conk out” inafanana nayo, lakini imetoka kwenye injini: marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia walisema hivyo injini ilipozima angani. Kama vile sisi tunavyosema mtu “amezima” akilala ghafla kwa uchovu, Waingereza na Wamarekani wamefuata njia hiyohiyo.

Moja katika kundi hili halina mzaha, nalo ni “pass out”. Watu hulitumia kwa kulala fofofo baada ya siku ndefu, lakini maana yake ya msingi ni kuzirai, au kupoteza fahamu kwa pombe. Mgeni akipiga simu mapokezi kusema “my husband has passed out”, usiseme “good night”. Uliza “Is he breathing normally? Can you wake him?” na kama haamki, ita msaada wa daktari papo hapo na mtume mtu chumbani.

Kundi la tatu ni usingizi kama bidhaa. Hapa vitenzi ni vya kupata: “get”, “have”, “catch”, “grab”. “Get some shut-eye” ni kufumba macho, yaani kupata usingizi kidogo, nalo limekuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 19. “Catch some Zs” inatokana na michoro ya vikatuni, ambamo mtu anayekoroma huchorewa zzz juu ya kichwa. Mmarekani huitamka herufi hiyo “zii” na Mwingereza “zed”, kwa hiyo ukisikia “catch some zeds” umeshajua mgeni wako hatoki Marekani. “Forty winks” ni usingizi mfupi wa mchana, wa kitini au wa kochi, wala si wa usiku kucha. Ni mikupuo arobaini ya kope, lakini hakuna anayeihesabu, kama sisi tusivyohesabu siku tunaposema za mwizi arobaini. Usiseme “I had forty winks from ten to six”. Hizo zilikuwa saa nane, na wink zimekwisha zamani.

“Kip” ni ya Waingereza: “I need some kip”, “have a kip”. Historia yake haikuanzia pazuri. Katika karne ya 18 ilikuwa danguro, ikawa nyumba ya kulala wageni maskini, ikawa kitanda, mwisho ikawa usingizi. Waingereza wameshasahau yote hayo na neno kwao ni safi. Lakini Mwairishi akitazama chumba na kusema “this place is a kip”, hasifii utulivu wake. Anasema ni pachafu, na unapaswa kumtafutia chumba kingine.

Kukoroma nako kuna mtego wake, hasa kwa anayetafsiri filamu. Wamarekani husema mtu “is sawing logs”, anapasua magogo kwa msumeno, kwa sababu ya ile sauti. Ukiandika kwa Kiswahili kwamba baba “anakata gogo”, watazamaji wote wa Tanzania watacheka kwa sababu nyingine kabisa, maana gogo hilo hukatiwa chooni. Andika anakoroma. Kinyume chake, “sleep like a log” inaingia bila kugusa chochote: sisi pia tunalala kama gogo.

Sasa la kujibu. “Good night” ni ya kuagana tu. Mgeni akiingia saa nne usiku na mabegi yake, msalimie “Good evening”, hata kama giza limetanda na wewe mwenyewe umeshapiga miayo mitatu. Ukimwambia “good night, welcome” umemuaga na kumkaribisha kwa pumzi moja. Anapokwenda kulala, “Good night, sleep well” inamfaa kila mtu, na asubuhi “Did you sleep well?” haina ubaya. “Sleep tight” waachie watoto na watu wa nyumbani.

Utasikia watu wakieleza kwamba “tight” hiyo ni ya kamba za kitanda, zilizohitaji kukazwa kila zilipolegea. Mtu wa pwani anayekijua kitanda cha teremka tukaze ataiamini mara moja, jina lenyewe linaamrisha ushuke kamba zikazwe. Hadithi inapendeza, lakini si asili ya msemo. “Tight” hapa ni ya zamani yenye maana ya barabara, kwa uthabiti: lala vizuri, lala fofofo. Kibwagizo cha kunguni wasikuume, “don't let the bedbugs bite”, usikitaje kabisa ndani ya hoteli. Mgeni atakwenda kufunua godoro.

Jihadhari pia na “sleep with”. Kwetu “nililala na dada yangu” ni kugawana kitanda au chumba, basi. Kwa Kiingereza “I slept with” ina maana moja inayokuja kwanza kichwani, na si hiyo. Ukitaka kuuliza mpango wa vyumba, sema “Who will share a room with you?”

Zimebaki za asubuhi. “We're going to have a lie-in” kwa Waingereza, au “we're going to sleep in” kwa Wamarekani, ni kwamba wataamka wakichelewa kwa makusudi: waambie staftahi inafungwa saa ngapi na uwajulishe wahudumu wa vyumba wasigonge. “I overslept” ni kuchelewa bila kupenda, na mtu huyo huenda amekosa boti. Na akitokea mzee wa Kiingereza akakuomba “could you knock me up at six?”, andika saa kumi na mbili asubuhi kwenye daftari, umgongee mlango. Katika miji ya viwanda ya Uingereza kulikuwa na watu wa kazi hiyo hasa, wakipita mapema na fimbo ndefu kugonga madirisha ya wafanyakazi. Ila usiirudie kauli hiyo kwa Mmarekani. Kwake ni kumpa mtu mimba. Mwambie “I'll give you a wake-up call at six”, na wote wawili wataelewa.